Je, Tujenge Kando ya Mto?

Kama mumeo ni mtumishi aliyebakiza miaka michache kustaafu, bila shaka swali hili limekwisha kuingia nyumbani kwako: tukimaliza kazi, tutakaa wapi? Kwetu liliingia wakati wa chakula cha jioni. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, naye amebakiza miaka mitatu afikishe 60, umri ambao mtumishi wa umma hulazimika kustaafu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 46. Jioni hiyo alinawa mikono, akavuta kiti, akasema, "Mama watoto, nimepata kiwanja Korogwe. Kipo kando ya Mto Pangani. Ukikaa barazani unaona maji."

Sitawaficha, akina mama wenzangu. Moyo wangu uliruka kwa furaha.

Kiu ya Handeni

Aliyekulia Handeni haulizwi kwa nini anapenda maji. Mama yetu alituamsha kukiwa bado giza, kila mmoja na ndoo yake, tukaenda lamboni. Tukichelewa tulikuta ng'ombe wametangulia, na maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Wakati wa kiangazi lambo lilikauka, tukaenda mbali zaidi. Mama alibeba ndoo kichwani, mdogo wetu mgongoni, na mimba tumboni. Nilipokuja kusomea uuguzi na kufundishwa habari za akina mama wenye upungufu wa damu na maumivu ya kiuno, sikuhitaji picha ya kitabuni. Nilimwona mama yangu.

Maji ya bomba ya Handeni yanatoka mbali. Yanavutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi uitwao HTM, kisha yanapandishwa na mashine kuja kwetu. Hivyo tangu utotoni nilijua kwamba maji ni kitu kinachotoka Korogwe. Leo mume wangu ananiambia tutakwenda kukaa hapo hapo yanapotoka!

Naye alikuwa na kiu yake. Alizaliwa katika kambi ya mkonge huko Korogwe. Baba yake alikuwa mkata mkonge, na nyumba waliyokaa ilikuwa mali ya shamba. Siku mzee alipoacha kazi, waliondoka na vyombo vyao wakaiacha nyumba. Kitu pekee ambacho mume wangu alikiona ni chake kilikuwa ule mto alimovua samaki na wenzake baada ya shule. Tangu tuoane amekuwa akisema atazeeka akiutazama. Basi ndoto hii haikuwa ya mtu mpumbavu, wala ya mtu mwenye tamaa. Naomba tuikumbuke hivyo, kwa maana hapa chini nitaipinga.

Safari ya kwenda kuona

Tulisafiri siku ya Jumamosi. Kutoka Handeni mpaka Korogwe ni kilometa 65, na siku hizi yote ni lami. Ukitoka Handeni unateremka polepole. Vichaka vinapungua, milima ya Usambara inaanza kuonekana mbele yako ya buluu, na joto linaongezeka, kwa kuwa Korogwe ipo chini kuliko kwetu. Mistari ya mkonge inapita dirishani. Kisha unafika mjini kwenye makelele ya mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha, na vijana wanaokimbiza machungwa na maji ya chupa kwenye madirisha.

Tulikula wali na maharage, tukachukua bodaboda mbili. Baada ya muda tuliacha barabara tukaingia njia ya miguu, na hewa ikabadilika. Ilikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi. Miembe mikubwa ilitandaza vivuli. Mto ulikuwa pale, mpana, rangi ya udongo, ukienda bila haraka. Ng'ambo mzee mmoja alikuwa akitandaza wavu.

Mwenye kiwanja alikuwa mtu mwenye maneno matamu. Alituonyesha mahali pa baraza, mahali pa bustani na mahali pa kuweka mashine ya kuvuta maji. "Mama, hapa hutanunua mchicha tena maisha yako yote," aliniambia. Mume wangu alicheka kama mtoto. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekwisha kumpa laki tano za kukishikilia, bila kuniambia. Sikusema neno mbele ya mgeni. Lakini kimya cha mke mnakijua, na yeye alikisikia.

Faida zilizopo

Tuwe wakweli, faida zilikuwapo. Bustani ya mboga na migomba isingekufa kwa kiangazi. Samaki wangepatikana karibu, na kwa mzee samaki ni chakula chepesi na kizuri. Pangekuwa na utulivu, na utulivu ni dawa kwa mtu mwenye presha aliyefundisha watoto themanini darasani kwa miaka thelathini. Mjini Korogwe kuna hospitali, kuna soko, na basi la kwenda kwa watoto Dar es Salaam linapita mchana na usiku. Wifi yangu anaishi hapo hapo mjini. Kama ningepata uhamisho, ningemalizia utumishi wangu karibu na nyumbani.

Na bei ilikuwa ndogo kuliko viwanja vya mjini. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: kizuri hivi, mbona rahisi?

Hatua themanini

Wakati wanaume wakizungumza, nilishuka mpaka ukingoni. Hatua yangu moja ni kama sentimeta 70. Niliipima zamani, tulipokuwa tukizunguka vijijini na bwana afya kukagua umbali kati ya vyoo na visima. Nilianza kuhesabu kutoka majini nikipanda juu. Kwenye mahali pa baraza nilihesabu hatua 30. Kwenye mti wa mpaka, mwisho kabisa wa kiwanja, hatua 80. Ni mita 56.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vivyo hivyo kwa ziwa, bwawa na ufuko wa bahari. Kwa hiyo katika kiwanja kile chote hapakuwa na mahali pa kusimamisha hata chumba kimoja. Tungetumia akiba yetu kununua mahali ambapo Serikali ingeweza kutuambia tubomoe, nasi tusiwe na la kujibu.

Niliomba kuona karatasi. Ilikuwa moja, yenye sahihi ya muuzaji na ya rafiki yake. Ardhi ile ni ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya namna hiyo husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mnunuzi asiye mkazi hana budi kupita huko kwanza. Muuzaji alisema, "Hayo tutayarekebisha baadaye." Mpendwa msomaji, ukisikia neno "baadaye" katika mambo ya ardhi, shika mkoba wako.

Bibi wa jirani

Kiwanja cha pili kilikuwa na nyumba ndogo ya udongo. Nilipiga hodi, akatoka bibi wa miaka sabini na zaidi, akitembea kwa mkongojo. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye mkeka.

"Mnataka kununua hapa?" aliuliza. "Twende nikuonyeshe kitu, mwanangu."

Alinipeleka kwenye mwembe. Usawa wa kifua changu palikuwa na mstari wa udongo uliokauka kwenye gome. "Maji yalifika hapa," alisema. "Na siku ile hapa kwetu mvua haikunyesha. Tulilala jua limechwea vizuri. Usiku wa manane nikasikia kuku wanalia."

Hili si ajabu kwa anayeujua Mto Pangani. Unaanza mbali, kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, ukapitia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kabla ya kufika Korogwe umekwisha kupokea Mto Mkomazi unaoleta maji ya milima ya Upare na Usambara. Mvua ya huko juu ndiyo mafuriko ya huku chini. Mtu wa Korogwe anaweza kuletewa maji yasiyo yake huku nyota zikiwaka.

Nilimuuliza kwa nini hakuhama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Marehemu ndiye aliyeupenda mto. Alikufa, akaniachia. Watoto wapo Tanga na Dar. Nani atanunua? Na mimi nguvu za kujenga kwingine sina."

Aliniambia mambo mengine kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei za sokoni. Mamba yupo. Watoto hawaachwi kwenda majini peke yao. Ukingo unateleza, na tangu aumie nyonga hashuki tena, bali hulipa kijana amchotee. Hebu fikirini: anaona mto mlangoni, lakini maji ananunua kwa ndoo!

Nilipokuwa nikimwaga nilikuwa na neno moja kichwani. Mume wangu amenizidi miaka kumi na moja. Nyumba ya kustaafia ya mume, Mungu akipenda, mara nyingi huwa ndiyo nyumba ya ujane ya mke. Kila anayechagua kiwanja humwona mumewe barazani akipumzika. Wachache wetu hujiona sisi wenyewe, miaka ishirini baadaye, tukiwa peke yetu usiku, na mguu mbovu, na kuku wanalia.

Jicho la muuguzi

Kama muuguzi ninayo mengine ya kuongeza. Malaria imepungua sana katika wilaya ya Korogwe tangu miaka ya 2000, na mji huo una kituo cha utafiti kilichoshiriki kupima chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa watoto mwaka 2021. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo mbu hajahama, na kandokando ya madimbwi yanayoachwa na mto ndiko anakozaliana. Wajukuu wanaokuja likizo kutoka mijini hawana kinga ya watu wanaokaa hapo. Kila mmoja alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Kipo pia kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, huingia mwilini kwa kupenya ngozi, hata kama hukunywa tone. Mtoto anayecheza majini na mama anayefulia akiwa amesimama ndani ya maji wote wamo hatarini. Kwa mzee, hatari kubwa kuliko zote ni ndogo kwa kuitazama: kuteleza. Nyonga ikivunjika katika umri wa miaka 70 mtu huenda asisimame tena. Jiulize basi: usiku wa masika, njia ya miguu ikiwa tope, nani atambeba mgonjwa mpaka barabarani?

Maji hayana mpaka wa kudumu

Labda utasema, "Huo ni mto. Mimi nataka nyumba kando ya ziwa, maji ya ziwa yametulia." Waulize wenzetu wa Kanda ya Ziwa. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita kiwango cha mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda katika miaka hiyo hiyo likameza nyumba za kando yake. Huko Kenya, Ziwa Naivasha, ambako watu wengi wenye uwezo hupenda kujenga, liliingia kwenye makazi ya watu. Wapo waliokuwa wamekaa miaka hamsini baada ya 1964 wakadhani mahali maji yalipo ndipo yatakapokaa. Ziwa halisahau lilikowahi kulala. Kwa hiyo usimwulize muuzaji maji yapo wapi leo. Mwulize mzee wa kijiji yaliwahi kufika wapi.

Wala tusidhani kwamba Handeni tumesalimika kwa kuwa sisi ni wakame. Mvua kubwa za Oktoba 2019 zilikata barabara ya Korogwe na Handeni. Tofauti ni kwamba barabara hutengenezwa. Akiba ya mstaafu haina wa kuitengeneza.

Usiku kwa wifi

Tulilala kwa wifi. Baada ya wenyeji kuingia kulala, tulikaa nje kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira ya zile laki tano, naye alikuwa na aibu iliyovaa nguo ya hasira. Alisema nimetafuta kasoro kwa makusudi kwa sababu sitaki kuhama Handeni. Nami nilisema neno ambalo halikufaa kusemwa, kuhusu mtu anayeficha fedha.

Kisha alisema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, baba yangu alikufa katika nyumba ya kupanga. Nilitaka niwe na mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia toka."

Hasira yangu iliisha papo hapo. Nikamjibu, "Baba watoto, pale ndipo mahali ambapo wapo wawili wa kukuambia toka. Serikali inaweza, na mto unaweza." Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akataja mwenyewe ule mfano wa Bwana Yesu wa wajenzi wawili, mmoja kwenye mwamba na mwingine kwenye mchanga. Tuliusikia mara ngapi kanisani tukadhani ni habari ya roho tu! Tukaomba pamoja, tukalala.

Tulichoamua

Hatukununua kile kiwanja. Zile laki tano hazijarudi mpaka leo, nami nimeacha kuzitaja. Baada ya miezi minane ya kutafuta tulipata kiwanja kidogo kilichopimwa, mteremkoni, upande wa juu wa mji wa Korogwe, karibu na barabara ambayo gari la wagonjwa linaweza kufika. Ni robo ya ukubwa wa kile cha mtoni na bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Kutoka hapo mpaka mtoni ni mwendo wa dakika ishirini. Mume wangu huenda na ndoana yake, hurudi jioni. Amekwisha kuzoea kusema, "Mto tunautembelea, wenyewe haututembelei."

Hati ina majina yetu wawili. Hatujajenga nyumba nzima. Tumeanza na choo, tangi na vyumba viwili, kwa akiba yetu ya ushirika, maana tuliamua tusingojee mafao ndipo tuyamalize yote kwa saruji. Mkupuo wa kustaafu nao si ule wa zamani. Mwaka 2022 uliwekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa watumishi waliokuwa zamani kundi la asilimia 50. Sehemu iliyobaki hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Ni vizuri kwa chakula cha uzeeni, lakini anayepanga nyumba kwa hesabu ya kaka yake aliyestaafu zamani atakwama kwenye linta.

Na kiu yangu je? Nitawapa hesabu iliyonifurahisha kuliko mandhari yoyote. Bati lenye eneo la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10, hupokea lita 1,000. Ukitoa yanayomwagika na yale ya kwanza ya kuoshea bati, huenda ukabaki na lita 800. Hizo ni ndoo 40 za mama yangu, kwa mvua moja, bila mtu kuzibeba. Nilikuwa nimedhani ninataka kuuona mto. Kumbe nilitaka nisibebe ndoo tena.

Kabla hujatoa fedha, mama mwenzangu

Uwe unanunua kando ya Mto Pangani, Ziwa Victoria au bwawa la kijijini kwenu, jiulizeni haya mkiwa wawili:

1. Kutoka ukingoni mpaka mahali pa nyumba ni mita ngapi? Pima mwenyewe, wakati wa masika. Zisipungue 60.

2. Wazee wa hapo wanasema maji yaliwahi kufika wapi? Tazama miti na kuta za majirani.

3. Kama ni ardhi ya kijiji, je, halmashauri ya kijiji imehusishwa? Kama ni ya mjini, je, kiwanja kimepimwa?

4. Majina ya nani yataandikwa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Hata hivyo jina lililoandikwa mapema huokoa machozi mengi.

5. Gari linafika mlangoni usiku wa mvua? Hospitali ipo umbali gani?

6. Mmoja wetu akitangulia, je, anayebaki ataweza kuishi hapa peke yake?

Hilo la sita ndilo wengi tunaloliruka, kwa kuogopa kumtabiria mwenzetu kifo. Kulizungumza si kutabiri. Mwezi uliopita mimi na wenzangu watatu wa kikundi cha akina mama tulikwenda kumtembelea yule bibi wa mtoni. Tulimpelekea sabuni, chandarua na sukari. Mume wangu alikuja nasi, akamchotea maji mapipa mawili. Tulipoondoka alisimama chini ya ule mwembe wenye mstari, akaweka kiganja chake juu ya udongo uliokauka, akanitazama. Hakusema kitu. Tukapanda njia kuelekea barabarani.